Popoo ya Bwana Barman

Bwana Tirtha Barman, mwenye kampuni ya maigizo inayozunguka vijijini na hema lake, alikuja kwetu kuomba kuigiza riwaya ya mjomba wangu Hemkanta. Alikuja kwa adabu zote: sahani ya shaba yenye mguu, popoo na tambuu juu yake, na kitambaa kipya cha heshima. Akaiweka mbele ya mjomba. Kwetu, ukiombwa jambo hivyo kisha ukaitafuna popoo ya mwombaji, umekubali. Karatasi huja baadaye.

"Mwalimu, kitabu chako kimeniliza," alisema. "Ila mwisho tutaurekebisha kidogo tu. Yule mama hafi."

Mjomba akashtuka. Yule mama ni bibi yangu. Mwaka wa mafuriko aliwapandisha wanawe kwenye chelezo cha migomba, yeye akachukuliwa na maji. Mjomba aliandika miaka tisa ili watu wajue hivyo.

"Hafi vipi?"

"Anaokolewa na helikopta! Inashuka jukwaani kwa kamba, taa zinawaka, watu wanapiga miluzi!"

"Helikopta mwaka ule? Hata daraja hatukuwa nalo!"

"Ndiyo maana watashangaa."

Mjomba akikasirika, mkono wake hujitafutia tambuu wenyewe. Nilimwona akiokota, akikunja, akitia mdomoni. Nilitaka kupiga kelele, nikachelewa.

Bwana Barman akapiga makofi. "Umekula, Mwalimu! Helikopta imeruka!"

Mjomba akaacha kutafuna, shavu limevimba. Kutema ni kumtukana mgeni.

Nikakimbia jikoni, nikarudi na sahani yetu ya popoo, nikapiga magoti mbele ya mgeni. Nikaisogeza kwake. Nikamtazama mjomba, naye akaelewa.

"Nami nakuomba, Bwana Barman," alisema, midomo myekundu. "Mama azame."

"Lo! Kabinti kapole, kumbe jambazi!"

Aliitazama ile popoo. Angeikataa, kijiji kizima kingesikia kabla hajafika barabarani, na vijiji ndivyo vinavyoalika kampuni yake. Akachukua kipande kidogo kuliko vyote.

"Haya, sote tumefungwa," alisema akitafuna. "Helikopta ije, imkose. Azame. Lakini aimbe kwanza."

"Mama hakujua kuimba."

"Basi aimbe vibaya."

Mjomba akacheka mpaka popoo ikamrukia mgeni kwenye shati.

"Vibaya ndivyo alivyoimba," alisema. "Hata siku ile, ili tusilie."