Neno la Bunduki

Jumatano, tarehe 17 Februari 2016. Asubuhi hiyo theluji nyepesi ilianguka Buffalo, Marekani, na upepo wa ziwani ulikata masikio. Bibi Delfina alikaa ndani ya gari la binti yake Goreth, mkoba wa dawa mapajani, wakienda kwenye usaili wake wa uraia, akiomba kimoyomoyo.

Barua ilikuwa wazi: mkimbizi mzee hupewa malipo ya serikali kwa miaka saba, na asipopata uraia, yanakoma. Miaka yake ingetimia Machi. Malipo hayo ndiyo yaliyolipia chumba chake, na watu wa kanisani walisema kadi ya matibabu nayo ingefuata. Bila kadi, sindano za kisukari zingetoka wapi?

"Mama, ukiulizwa lolote, sema ndiyo," alisema Goreth. "Sisi sote tuliopita tulisema ndiyo."

"Hata la bunduki?"

"Una miaka sabini na nne, nani atakupa bunduki? Simu yenyewe unaishika juu chini."

Bibi Delfina hakucheka. Tangu apatwe na kiharusi, mambo mapya hayakukaa kichwani, na daktari alimwombea asamehewe mtihani wa Kiingereza na historia, apewe na mkalimani. Lakini la zamani halikufutika. Mwanawe Minani alipigwa risasi, na juu ya kaburi lake aliapa mbele za Mungu kwamba mkono wake hautagusa silaha.

Katika ofisi ya uhamiaji waliketishwa mezani. Afisa alisoma maswali taratibu, mkalimani akayageuza. Ndiyo. Ndiyo. Kisha: "Sheria ikikutaka, utabeba silaha kwa ajili ya Marekani?"

Goreth, aliyeruhusiwa kukaa naye, alimkanyaga mguu chini ya meza. Bibi Delfina alikiona chumba chake, akaziona sindano.

"Hapana. Niliapa kwa Mungu, siku ya kumzika mwanangu. Siwezi kudanganya."

"Basi, yamekwisha," Goreth alinong'ona, akafumba macho.

Afisa aliandika muda mrefu.

"Mwambie," alimwambia mkalimani, "kwa ajili ya imani yake sheria inaruhusu maneno hayo yaachwe kwenye kiapo, na hatanyimwa uraia kwa hilo. Je, nchi ikimhitaji kwa kazi isiyo ya silaha, atakubali?"

Bibi Delfina alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Mbele ya afisa, mkalimani na binti yake aliinua mkono wa kulia.

"Bunduki sitashika. Lakini nikiletewa mgonjwa nitamwosha, na mwenye njaa nitampikia, maadamu miguu hii inanibeba. Naahidi."