Mlango Uliofungwa Mchana

Binti yangu Lamis yuko Norwe, kaskazini huko, kwenye kisiwa chenye kiwanda cha samaki. Ati nyumba ya jirani waiona kwa mbali tu, kijitaa. Msimu wa baridi jua halitoki kabisa. N'kamwambia, "Mwanangu, hapo si pa kukaa binadamu." Akacheka. "Ndiyo raha yake, Baba. Hakuna anijuaye."

Nyinyi hamkumjua Lamis wa zamani. Akikaanga mahamri, mtaa mzima wabisha hodi. Kisha mwanawe Faraj akashikwa na homa, na kabla hatujajua ni homa ya nini, akatutoka. Watu wa Mji wa Kale ni wema, sisemi. Walikuja, wakapika, wakasoma hitima. Lakini kila aingiaye ana swali lile lile: "Kwani hukumuwahisha hospitali?" Sokoni swali. Harusini swali. Hata muuza mabamia! Mwanangu akawa hatoki nje. Ndo akenda barafuni.

Na mwajua desturi yetu, simu ya ng'ambo haiwi ya mtu mmoja. Nikishasalimiana naye mie, nampa Bi Fadhiya jirani, Bi Fadhiya ampa Muhdhar fundi cherahani, Muhdhar ampa apitaye. Mie naona ni mapenzi. Yeye huko asikia: "Warudi lini? Hujapata mtoto mwengine?"

Basi Alhamisi moja, nimetoka kuswali adhuhuri, akapiga. Sauti ndogo.

"Baba, uko na nani?"

"Muhdhar tu, yuko kule upande wa pili wa njia, ashona."

"Ingia ndani. Funga mlango."

N'kaingia, n'katia komeo. Mlango wangu mchana huwa wazi. Mzee akaa peke yake, afunge mlango mchana ana nini?

"Nataka kuja, Baba," akasema. "Nimekukumbuka. Lakini asijue mtu. Nikuone, nende kaburini kwa Faraj, nirudi zangu. Waweza kunificha?"

"Naweza, mwanangu, mbona..."

Mlango ukagongwa. "Mzee! Mzee wetu! Kuna nini?" Ni Muhdhar.

N'kanyamaza. Nikijibu, si atauliza naongea na nani? N'kaziba simu kwa kiganja, na kule kunyamaza ndo kukazidisha.

"Hajibu!" N'kamsikia Bi Fadhiya. "Kafunga mchana, hajibu! Mie jana n'lisema, uso ule si uso!"

"Labda amelala."

"Alale na komeo? We Muhdhar, hata cherahani yako ina akili kukushinda! Sukuma!"

Wakasukuma. Komeo la babu yangu lile, likang'oka na ubao wake. Wakamwagika ndani, wanawake walia, huyu anishika kifua, yule animwagia maji. Bi Fadhiya akaiona simu.

"Ni Lamis? Lete! Mwanangu, warudi lini? Babako afa huku!"

Alipoirudisha, Lamis alikuwa bado yupo. Namsikia apumua.

"Hapo hapafichiki mtu, Baba," akasema. Akakata.

Tangu siku ile nampigia, haipatikani.

Na nimlaumu nani? Muhdhar kanitilia komeo jipya, hataki hata shukrani. Bi Fadhiya aniletea pilau, na wapokezana kukaa nami nisione upweke. Wangekuwa wabaya, ningewafukuza.

Siku hizi naenda hadi Majengo, kwa Gharib muuza samaki. Ana friji kubwa la barafu. Nafunua, natia mkono.

"Mzee, wachagua samaki au wajipoza?"

"Najipoza, baba."

Mkono kwanza wauma. Wauma sana. Ukivumilia, waacha kuuma, wawa si wako tena, hata ukibanwa huhisi. Hapo ndipo nijuapo mwanangu alifuata nini kule, na kwamba hatarudi. Namwombea huko kuendelee kuwa baridi.

Kisha nyuma yangu mtu anigusa bega. "Mzee, Lamis hajambo? Yuaja lini?"

"Hajambo," nasema. "Awasalimu nyote."