Kitufe Chini ya Koti la Mvua

Mvua ilipopungua, dereva mmoja wa lori aliingia ofisini kuchukua kifurushi chake, akasema kwamba kalavati la njia ya ndani, ile ya kwenda machimbo, limezolewa na maji. Barabara imebaki shimo, na ukitokea kwenye kona hulioni mpaka uwe ndani yake.

Mama mwenye ofisi hakumuuliza mara mbili. Alikuwa na waendesha pikipiki watano barabarani, kila mmoja na redio kifuani na waya uliopanda hadi ndani ya helmeti. Simu alishazipiga marufuku wakiwa mwendoni; zilikaa kwenye begi, zimezimwa. Akashika redio ya mezani aseme.

Hakuweza. Hewani palikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa binti yake.

"Mama, naomba ukae kwanza," binti alikuwa anajisemea, pikipiki ikinguruma. "Aa, hakai huyu. Mama, nina jambo."

Mama alielewa papo hapo. Binti alikuwa amevaa koti la mvua juu ya redio, na mkanda umebana kitufe cha kuongelea. Kitufe kikibanwa hivyo, mmoja husikika na wengine wote huwa mabubu, naye mwenyewe hasikii la mtu wala hajui kama anasikika. Kila mgeni hufundishwa kuvaa redio juu ya koti. Huyu aliyekulia humo humo ofisini ndiye aliyesahau.

Chaneli ikizibwa, wote huhamia ya pili bila kuulizana. Mama akawasha redio ya akiba, ile ya mezani akaiacha iendelee kusema. Wanne waliitika, wawili kati yao wakijizuia kucheka. Aliwaambia wameze vicheko vyao: kalavati halipo, na binti ana mzigo wa machimbo. Kama amepita lami, ni salama. Kama amekata njia ya ndani, anakwenda shimoni.

Kwenye redio ya mezani hotuba iliendelea. Binti amepata kazi ya ufundi kwenye gereji, mji wa mbali. Amechoka kukimbiza pikipiki, anataka pikipiki ndizo zimfuate. Mama aliyasikia hayo kama mtu anavyosikia mazungumzo ya jirani. Sikio lake lilikuwa linatafuta kitu kingine.

"Nawe na matofali yako," binti akakatiza, "hata nafasi hunipi?"

Tanuri la matofali liko njia ya ndani, na malori yanayopeleka matofali mabichi kuchomwa huishia hapo.

"Yuko nyuma ya lori la matofali, hajafika kwenye tanuri," mama aliwaambia wale wanne. "Nani yuko karibu?"

Aliyejibu ni Kinyozi, aliyebaki na jina la kazi aliyoiacha. Alikuwa shuleni, na kichochoro cha shule hutokea mbele kidogo ya tanuri.

"Simama katikati ya barabara," mama akamwambia. "Usimpungie mkono, atadhani unamsalimia."

Wakasubiri. Binti alianza hotuba upya, mara hii kwa upole, akaiharibu, akaanza tena. Kisha breki zikalia.

"Kinyozi, una wazimu?"

Sauti ya Kinyozi ilisikika kwa mbali. "Toa mkanda kwenye kitufe, dada. Tunakusikia tangu sokoni."

Redio ikanyamaza. Ilipozungumza tena, binti alikuwa amepungua sauti.

"Mama. Umesikia?"

"Kalavati la mbele limekwenda na maji. Geuza, pita lami."

"Sawa. Na lile jambo lingine?"

"Nimelisikia mara tatu, usilirudie. Unaanza lini?"

Wale wanne walikuwa wamesharudi chaneli ya kwanza, wote wakisikia.

"Mwezi ujao, Mama."

"Haya. Fikisha mzigo, mteja anasubiri."

Mama akachukua simu amwambie mteja kwamba mzigo utachelewa. Alikosea namba, akafuta, akakosea tena. Mwishowe akampa yule dereva wa lori, aliyekuwa bado anangoja kifurushi chake, ambonyezee.