Chumvi ya Mdomo wa Ojangole

Mume wangu Ojangole alitokwa na malengelenge mdomoni siku ya Jumatatu, na Jumamosi alikuwa apatanishwe na kaka yake. Mwili wa mume wangu una ubishi kuliko yeye mwenyewe.

Walikuwa hawasemeshani kwa miaka mitatu. Mama yao alipofariki, mwaka mmoja baada ya Uhuru, kaka mkubwa, Edimu, alimzika kesho yake bila kumngoja mdogo wake, aliyekuwa akivunja mawe kule Osukuru. Ojangole alifika akakuta kaburi limeshafukiwa. Hakulia. Aligeuka akarudi kazini, na tangu siku hiyo jina la Edimu halikutajwa nyumbani kwetu. Sasa wazee wa Kwapa, kijijini kwao, walikuwa wamewachoka. Wakaamua: chungu kimoja cha malwa, pombe ya ulezi, na hao ndugu wawili wanywe kwa mrija mmoja. Ukinywa, yamekwisha. Ukikataa, umeukataa ukoo, usirudi tena.

"Mimi nakwenda kwa Muhindi," akaniambia. Nyumbani tunasema Kiswahili, maana mimi ni Msamia wa Busia na yeye ni Mteso, na hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Nikafuatana naye.

Bwana Trivedi aliuza vitambaa mjini Tororo, na nyuma ya duka alikuwa na kabati la vichupa vya dawa. Hakuchoma mtu sindano. Aliuliza maswali, na maswali yenyewe, mama yangu!

"Wewe napenda chumvi?"

"Sana."

"Ukilia, nataka watu nakubembeleza, ama nataka kukaa peke yako?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Mimi hapana lia."

Trivedi akaliandika hilo polepole. "Huzuni gani naficha?"

Nilitaka kumjibia, nikajizuia.

"Hii kidonda mara ya kwanza ilitoka lini?"

"Zamani, mwaka wa nzige. Kaka yangu alitoka kwanza, halafu mimi. Tulikuwa nakunywa uji kwa kibuyu moja."

"Basi yeye nakupa. Hii ugonjwa hapana toka kabisa. Nalala ndani ya mwili. Homa nakuja, huzuni nakuja, naamka."

Akampa vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama, na masharti kibao: asivishike kwa mkono, asinywe kahawa, asipake kafuri, asichangie kikombe wala mrija na mtu mpaka kidonda kikauke. Siku kumi, alisema. Hata bila dawa kilikuwa kinakauka siku kumi, lakini nilinyamaza. Niliuliza tu dawa yenyewe ni nini.

"Chumvi," akasema. "Chumvi ya kula. Lakini kidogo, kidogo, mpaka hapana ona."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nauza samaki wa chumvi sokoni Busia. Chumvi ya mawe haikosekani kwangu. Nikapiga hesabu ya sokoni: ikiwa chumvi isiyoonekana inaponya kwa siku kumi, konzi nzima itaponya kwa siku mbili. Alhamisi asubuhi nilimkalisha kwenye kigoda nikambandika. Alipiga yowe, majirani wakatoka. Ijumaa mdomo ulikuwa umevimba, unatoa maji. Haraka haraka haina baraka. Wateja wangu nawaambia kila siku.

Jumamosi tukaenda hivyo hivyo. Chungu kilikuwa katikati ya uwanja, kimeongezwa maji ya moto. Edimu alikunywa kwanza, akamnyooshea mdogo wake mrija. Ojangole akautazama, akatikisa kichwa.

Mzee Ebong akasema, "Basi amekataa." Mume wangu, mtu asiyejua kujitetea, alikuwa tayari amegeuka aondoke.

Kwao mke hasemi mbele ya shemeji mkubwa. Anakaa na wanawake wenzake, macho chini. Nikasimama.

"Hajakataa! Muhindi amemkataza, shemeji, asikupe ugonjwa. Na huo uvimbe ni mimi, nimemtia chumvi ya samaki. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mimi!"

Mtu mmoja akacheka. Edimu hakucheka. Aliinuka, akamshika mdogo wake kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Hii?" akasema. Mbele yangu alisema Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Hii si mimi nilikupa? Kwa kibuyu ya mama. Yeye alituchapa sisi wawili."

Akakiachia kile kidevu.

"Siku nilizika mama, mdomo yangu yote ilikuwa namna hii. Sikuweza hata kula. Nilifanya haraka, ndugu yangu. Nilikosa."

Akarudi akaokota mrija, akauweka mwenyewe kwenye ule mdomo uliovimba. "Kunywa. Wewe utanipa ugonjwa gani ambayo mimi sina?"

Ojangole akanywa. Malwa ilikuwa ya moto na kidonda kilikuwa wazi. Machozi yakamtoka, yakashuka mpaka kidevuni, na hakuuachia mrija. Baadaye mabega yakaanza kutikisika. Edimu akakaa karibu naye, bega kwa bega, akangoja zamu yake.

Tukiwa njiani kurudi mume wangu aliniambia ni chumvi yangu iliyomtoa machozi. Nikamwambia ndiyo, baba, ni chumvi yangu.