Kioo Hutangulia Shimoni

Barthélemy alikuja hospitalini na neno moja tu: miwani. Alikuwa ameshanunua jozi tatu soko la Kadutu, akizijaribu kama viatu, na ukungu haukuondoka. Bukavu nzima ilielea mbele yake, nyumba za mlimani zikiteremka taratibu kuingia ziwani bila kishindo. Ilikuwa nzuri, na ilimtisha.

Docteur Ariane, mpasuaji wa ubongo, alimtia matone ya macho, akafunga mapazia, akasogea na kifaa chake kidogo chenye kioo na tundu. Mwanga ukaingia jichoni polepole.

“Papa, macho yako iko muzuri. Ile uvimbe scanner ilionyesha iko ndani ya kichwa, inasukuma mushipa ya jicho. Lunettes, ile miwani yako, haitasaidia. Tupasue, ao utapofuka.”

“Mupasue kichwa kwa sababu ya macho?” Mzee akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Huyu aliambiwa, na bado alitaka miwani.

Ariane hakumgombeza. “Zamani kule Ulaya mutu alikuwa anapofuka na macho yake iko safi. Mugonjwa haone kitu, munganga naye haone kitu. Kisha banganga bakakamata kioo, bakatoboa tundu kati, bakatupa mwangaza ndani ya jicho. Kumbe kule mwisho kuko mushipa inatoka ku bongo! Ikivimba, taabu iko ku bongo. Kazi yetu ya kutafuta taabu ya bongo kupitia jicho ilianzia pale.”

Kicheko cha mzee kikakatika. Miaka thelathini alichimba dhahabu Mwenga. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, alisimama mdomoni mwa shimo na kipande cha kioo, akilitupa jua chini mpaka aone kuta na maji. Kioo hutangulia, mtu hufuata: ndiyo ilikuwa sheria yake. Aliivunja mara moja. Wingu lilikuwa limetanda, mwanawe Gracien ana haraka, na baba akamwambia, shuka tu, jana palikuwa pazuri. Udongo ukamfunika kijana.

Uchungu ule haukuzeeka kamwe. Sasa, mwanga wa kifaa ukiogelea machoni mwake, alimwona Gracien kwa mbali, chini kabisa, ameinua uso, anangoja jua.

“Maman docteur, umeona mpaka chini?”

“Mpaka chini, papa.”

Akatoa miwani mfukoni, akaiweka mezani.

“Basi, mushuke.”