Kanzu Isiyoelea

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini amezibana mdomoni, akikunja pindo la kanzu ya mwisho ya ubatizo, pale bibi aliyeivaa alipomwambia kutoka juu:

"Mwanangu, tia vijiwe humo kwenye pindo. Bila uzito itanipanda hadi kifuani, niaibike mbele za watu."

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja. Lilikuwa neno la kweli. Kanzu nyepesi huelea majini kama jani, na anayelijua hilo ni mshonaji, au mtu aliyekwisha kuingia nayo majini. Bibi huyu hakuwa mshonaji. Alikuwa mmoja wa waongofu wapya waliosimama juzi baada ya mahubiri, wabatizwe kesho asubuhi.

Akaendelea kukunja. Hakuwa mtu wa kurukia jambo. Kule kwao, ng'ambo ya mpaka, kanisa zima lilimjua hivyo, na ndiyo sababu kiongozi wa safari alimteua asimame huko Jumapili ijayo kutoa ushuhuda wa roho zilizopatikana katika wiki hii moja ya injili. "Wewe ukisema, wataamini," alimwambia. Siku ile fundi alifurahi. Sasa maneno yale yalianza kumwasha kama uzi uliosahauliwa kwenye kola.

"Na ya mwaka jana ilikupanda, bibi?" akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Weee! Ilinivimba kama puto. Wageni wa mwaka juzi afadhali, walileta nzito."

"Kumbe umeshabatizwa."

"Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?" Bibi akacheka. "Mimi nimeshapona mara mbili. Kesho ya tatu."

Fundi hakucheka. "Nani anakuambia usimame?"

"Hakuna." Bibi akautupia mlango jicho. "Wewe ungefanyaje? Kijana wa watu katoka mbali, anahubiri, jasho linamtiririka, anaita watu, hakuna hata wa kukohoa. Nimelea wa kiume mimi, namjua mtoto anayetaka kulia. Nikasimama. Nikishasimama mimi, na wengine wanapata miguu."

Fundi alitaka kuyaamini hayo, na nusu yake aliyaamini. Lakini lile jicho la mlangoni lilimkaa moyoni. Mtu asiye na la kuficha huangalia mlango wa nini?

Mlango wenyewe ukafunguliwa. Akaingia kiongozi wa safari, ndiye mhubiri wa juzi, kijana wa rika la mdogo wake fundi wa mwisho, amekumbatia taulo za kesho.

"Shikamoo, bibi. Lile goti limepona?"

"Marahaba, baba. La mwaka jana? Linasumbua wakati wa baridi tu."

Kiongozi akaanza kuzipanga upya taulo zilizokwisha kupangika. Siku ya kwanza, ndani ya gari, ndiye aliyewaambia wenzake kwamba watu wa mtaa huu wataisikia Injili kwa mara ya kwanza.

"Dada fundi," akasema bila kugeuka, "umebakiza nyingi?"

"Hii moja. Ila leo siimalizi."

"Ubatizo ni asubuhi, dada."

"Najua, mdogo wangu. Na Jumapili atakayesimama ni mimi." Akamvua bibi kanzu taratibu, pini zisimchome. "Kesho kabla ya maji tutakaa sisi watatu. Mtaniambia kama mlipatana, au mlioneana huruma tu. Sijasema mmekosa."

Kiongozi akazikumbatia tena taulo.

"Mwache kijana wa watu alale," bibi akasema, na safari hii hakuwa na kicheko.

"Atalala. Mimi ndiye sijui kama nitalala."

Fundi akaifunika cherehani, kisha akaitundika kanzu msumarini, pindo upande mmoja limekunjwa, upande wa pili likigusa sakafu.