Mfereji wa Shemeji Salundik

Shemeji yangu Salundik ndiye aliyeendesha katapila lililochimba mfereji ule, mwaka watu wa serikali walipokuja kutukaushia kinamasi ili tulime mpunga. Mpunga haukuota. Ardhi ikazidi kushuka, msitu uliobaki ukasimama mizizi nje.

Dada yangu Rinai, mkewe, tulimzika kando ya mfereji. Miaka kumi baadaye bamba la saruji la kaburi lilikuwa limebaki juu ya nguzo zake, ardhi imeshuka, kuku wanapita chini.

Binti yao, Kameloh, aliajiriwa na watafiti kupima hewa inayotoka ardhini. Alifunika udongo kwa ndoo nyeupe, akasubiri, akasoma mashine. Siku moja alipima karibu na kaburi, baba yake amechuchumaa anachungulia chini ya bamba.

"Udongo umekwenda wapi, Meloh? Umechukuliwa na maji?"

"Umekwenda hewani, Baba. Udongo huu ulikuwa majani na mizizi iliyolowa. Maji yakiondoka inaoza, inageuka hewa ya ukaa. Ndiyo hii naipima."

"Kwa hiyo nimemfukua mama yako."

"Usiseme hivyo."

"Nikiuziba mfereji, udongo utarudi?"

"Haurudi. Utaacha kupungua tu."

Kesho yake nilimkuta Salundik mferejini, ndani ya maji hadi kiunoni, anapigilia nguzo za kuuziba.

"Shemeji, ulichimba kwa katapila, unaziba kwa nyundo? Utamaliza una miaka mia!"

"Wewe na mdomo wako. Shuka unisaidie."

Nikashuka. Ilituchukua miezi miwili.

Mvua ziliponyesha, maji hayakukimbia tena. Yalipanda, yakaingia msituni, yakafika kaburini. Kameloh alikuja mbio kutuambia hewa ya ukaa imepungua zaidi ya nusu. Alitukuta tumesimama kando ya maji. Bamba la mama yake lilikuwa limezama.

"Huyu ni dada yangu," nilisema. Nilikuwa na shoka. "Nabomoa kizuizi hiki."

Salundik akasimama mbele ya nguzo za mferejini. Hakunigusa.

"Rinai hakupenda hata miguu yake ilowe," alisema. "Unadhani silijui hilo? Lakini ukibomoa, Lambung, atabaki juu ya nini?"

Kameloh alinitoa shoka mkononi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Pasaka hiyo hatukuweza kuwasha mishumaa kaburini kama kila mwaka. Tulikwenda kwa mtumbwi, watu watatu, tukaweka maua juu ya maji. Yalikaa palepale. Hakukuwa na mkondo wa kuyachukua.